Kupiga picha za harusi wikiendi ukiwa na ajira

Kaka, umeuliza kama unaweza kupiga picha za harusi wikiendi huku ukiendelea na ajira. Inawezekana kabisa, na kamera ya kawaida uliyonayo inatosha kuanzia. Pesa weka kwenye lenzi. Ile ya milimita 50 yenye f/1.8 (yaani tundu lake hufunguka sana) ni nafuu kuliko nyingi na inapokea mwanga vizuri ukumbini.

Ukumbi ndio unaosumbua. Taa za LED za rangi hugeuza sura za maharusi kuwa zambarau, na ukiweka shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera) ya kasi kubwa utaona mistari kwenye picha. Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, na taa zake hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo jaribu shata ya 1/100 ya sekunde. Mara nyingi mistari hupungua sana. Flashi ielekeze kwenye dari jeupe, si usoni mwa bibi harusi. Dari likiwa na vitambaa vya rangi achana na mbinu hiyo, maana rangi yote itarudi kwenye ngozi.

Ongea na MC mapema: ndafu inaingia saa ngapi, keki je, zawadi za wazazi? Ratiba hubadilika ghafla, na ndafu haiingizwi mara mbili.

Beba betri ya akiba. Usifute kadi ya kamera mpaka picha ziwe zimehifadhiwa sehemu mbili. Malipo ya awali yaandikwe, na upokee kutoka kwa mtu mmoja wa kamati.

Harusi kubwa subiri kwanza. Anza na sendofu au nikaha ya nyumbani, na upande wa wanawake uliza kama picha zinaruhusiwa kabla hujatoa kamera kwenye begi.