Unataka kuwinda kwa upinde wa jadi? Anza na upinde mwepesi

Karibu kila anayeniuliza kuhusu upinde wa jadi, ule usio na magurudumu wala kifaa cha kulengea, huanza na swali la nguvu: ninunue wa ratili ngapi? Jibu langu ni lile lile. Chukua unaoweza kuuvuta na kuushikilia bila mkono kutetemeka, hata kama hautoshi kuwindia. Nguvu hiyo hupimwa uzi ukiwa umevutwa inchi 28, na kwa mtu mzima anayeanza, ratili 25 hadi 35 zinatosha. Upinde wa kuwindia, ratili 40 na zaidi kwa mnyama wa ukubwa wa kulungu, utafuata mwili ukishazoea. Sehemu nyingi sheria huweka kima cha chini, kwa hiyo ijue pamoja na masharti ya kibali.

Upinde unaokuzidi nguvu hukufundisha mabaya. Bega linapanda, mkono unakwama kabla ya kufika shavuni, vidole vinaachia mapema. Tabia hizo zikishakomaa ni kazi kuzing'oa.

Mimi humsimamisha mwanafunzi hatua chache tu mbele ya shabaha kubwa na kumwambia afumbe macho. Asilenge chochote. Avute kwa misuli ya mgongo hadi mabega yakaribiane nyuma, ncha ya kidole iguse pembe ya mdomo, kisha alegeze vidole, mkono uteleze wenyewe nyuma ya shavu. Hiyo pembe ya mdomo ndiyo kila kitu. Mkia wa mshale ukikaa juu au chini kidogo tu ya pale ulipokaa jana, mshale utakwenda kwingine, na hutajua kwa nini. Rudia hadi mwili ukumbuke wenyewe, ndipo urudi nyuma kidogo kidogo.

Mishale ilingane na upinde. Mshale hupinda unapotoka, ukizunguka ubavu wa upinde. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ulio mgumu mno huelekea kushoto na ulio laini mno kulia. Chagua wenye manyoya halisi, kwa sababu hulala yanapogusa upinde, wakati plastiki huusukuma mshale pembeni. Na usiachie uzi bila mshale, hata kwa kujaribu: nguvu yote hurudi kwenye upinde na inaweza kuupasua.

Sasa mawindo. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kukata na kumwaga damu. Chembe butu, yaani ncha ya mshale isiyo na makali, ni ukatili, siwezi kulisema kwa upole zaidi. Inoe hadi inyoe nywele za mkono. Subiri mnyama akupe ubavu, au awe amegeuka kidogo kuelekea mbali nawe, ulenge nyuma ya bega yalipo mapafu. Akikutazama uso kwa uso, mwache apite.

Umbali wako utaujua hivi: asubuhi, kabla ya kupasha mwili moto, piga mshale mmoja tu kwenye duara la sentimita 20. Fanya hivyo siku nyingi, kwa umbali tofauti. Pale ambapo huo wa kwanza hauukosi mduara ndipo mpaka wako wa porini. Kwa wengi wetu ni chini ya mita 20, na hilo linakulazimisha kujifunza upepo, nyayo na kutulia, jambo ninalolipenda kuliko yote katika uwindaji huu.

Ukishapiga, kariri mahali mnyama aliposimama na alikoelekea, kisha kaa kimya nusu saa. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, fuata taratibu. Mshale ukinuka uchafu wa tumbo, ngoja saa kadhaa, maana ukimfukuza atakwenda mbali na kuteseka zaidi. Weka alama kila unapoona tone, usikanyage njia yake, na usiondoke hadi umemaliza kutafuta.