Afrika Kusini ina viwanda, mbona ajira hakuna?

SWALI: Shikamoo mama. Nafundisha jiografia sekondari huku Mbeya. Nimesoma kuwa ukosefu wa ajira Afrika Kusini umepita asilimia 30, na kwetu Tanzania, kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, haufiki hata asilimia 5. Wanafunzi wananibana: mbona basi vijana wetu ndio wanaokimbilia Johannesburg? Niwajibu nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilikuwa mdadisi wa utafiti wa nguvu kazi, napita kaya kwa kaya na dodoso. Kilosa nilimkuta mama mmoja, akaniambia hana kazi. Nikamsomea swali: katika siku saba zilizopita, umefanya shughuli yoyote ya kukuingizia kipato, hata kwa saa moja? Akafikiri. "Labda vile vitumbua vya Jumamosi." Kwa kipimo cha kimataifa, huyo ana kazi. Nikajaza hivyo, na roho iliniuma.

Afrika Kusini nako ni saa hiyohiyo moja. Ila kule wanaojishikiza kwa shamba au vitumbua ni wachache, na kuna sababu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao, kisha utawala wa kibaguzi ukawabana hata kwenye biashara za mijini. Mtu wa Soweto akipoteza ajira, wengi wao hawana shamba la kurudia. Wetu hushika jembe au hupanga nyanya kando ya barabara, na hapohapo anahesabiwa miongoni mwa wenye kazi. Maskini asiye na akiba hawezi kukaa bure akisubiri ajira.

Wape pia mfano wa Rwanda. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kimataifa walikubaliana kuwa anayelima chakula cha nyumbani kwake tu asihesabiwe kuwa na ajira. Rwanda ilipoifuata kanuni hiyo, ukosefu wa ajira uliruka kutoka karibu asilimia 2 hadi zaidi ya 15. Wakulima walikuwa walewale!

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha nchi mbili, waulize: wamehesabu watu wa umri gani, wakulima wamewaweka wapi, na katika walioajiriwa ni wangapi wanaopokea mshahara? Mimi huanza na hilo la mwisho. Vijana wa Mbeya wanaopanda basi kwenda kusini wanafuata mshahara, na kwa hesabu ya mishahara Afrika Kusini imetuacha mbali.