Taa hafifu, indiketa inawaka ukikanyaga breki, fyuzi inaungua: pa kuanzia kwenye gari la zamani

Mkuu, umetaja mambo matatu: taa za mbele ni hafifu, ukikanyaga breki indiketa ya nyuma nayo inawaka kwa mbali, na fyuzi ya taa ndogo za nyuma haikai. Wamekushauri ununue alteneta. Usinunue kitu bado.

Pima betri kwanza kwa mita ya umeme (multimita). Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Washa injini. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5 alteneta inachaji, achana nayo.

Hiyo ya breki na indiketa karibu kila mara ni ethi ya taa ya nyuma, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Ethi ikila kutu, umeme wa breki unakosa njia ya kurudi kwenye bodi, unapenya kwenye balbu ya jirani kutafuta ethi huko, na ile inawaka bila kuwashwa. Fungua bolti ya ethi ndani ya buti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Chungulia na ndani ya soketi za balbu. Unga wa kijani ukiuona, usafishe.

Kwenye taa za mbele, wengi wanakosea kwa kupima omu (ukinzani wa waya). Waya uliokatika nyuzi zote ukabaki na mmoja tu bado unasoma karibu sifuri na mita inalia vizuri kabisa, maana mita inapitisha umeme kiduchu. Balbu ya 55W inavuta zaidi ya ampea 4, na hapo uzi mmoja hauwezi. Kwa hiyo pima volti, taa zikiwa zinawaka na balbu ikiwa mahali pake. Ncha nyeusi iwe kwenye nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, si kibanio), nyekundu iguse pini ya ethi nyuma ya balbu. Ikizidi 0.2, ethi ni mbovu. Kisha upande wa moto, yaani unaoleta umeme kwenye balbu: nyekundu kwenye nguzo chanya, nyeusi kwenye pini ya moto ya balbu. Hadi nusu volti inavumilika. Ukisoma 1.5 au 2, rudi nyuma na ncha nyeusi kuelekea kwenye betri: plagi, swichi, boksi la fyuzi. Namba inaposhuka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na pale ulipotoka kupima.

Mara nyingi utaishia kwenye swichi, kwa sababu magari mengi ya zamani yanapitisha umeme wote wa taa ndani yake na kontakti zinaungua. Dawa ni rilei, swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe mwingi. Pini zake zina namba: 30 itoke betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri, 87 iende kwenye taa kwa waya wa 2.5 mm², 86 ipokee waya wa zamani wa taa, 85 iende ethi. Full na dimu kila moja na rilei yake. Lakini hakikisha kwanza: baadhi ya magari ya Kijapani swichi inakata upande wa ethi, na mpangilio huu hautafanya kazi.

Fyuzi sasa. Kuweka kubwa zaidi ni kuchoma waya badala ya fyuzi. Chomoa balbu zote za taa ndogo, kisha mahali pa fyuzi unganisha balbu ya 21W na uwashe taa. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Mwanga hafifu ni wa balbu uliyoisahau, mara nyingi ya namba au ya dashibodi. Sasa tikisa nyaya polepole, hasa kwenye bawaba za buti na kila tundu la bati lililopoteza raba yake. Ikififia au kuzimika ghafla, mkono wako uko juu ya shoti. Balbu hiyo haipitishi hata ampea 2, kwa hiyo tikisa bila hofu.

Ukiupata waya, kata mpaka shaba safi. Ikiwa nyeusi ndani endelea kukata, risasi haishiki shaba nyeusi. Lehemu, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, na urudishe raba kwenye tundu. Ile ya kusokota na kufunga tepu, gundi yake inayeyuka kwa joto na utarudi palepale.