Filme ya kuangalia na kijana anayefungua maredio

Dada yangu, umeuliza filme gani uangalie na kijana wako wa miaka 15, yule anayeshinda anafungua maredio na baba yake anataka asome sheria tu. Mimi nakuambia bila kusita tafuta The Boy Who Harnessed the Wind, ya 2019, ya Chiwetel Ejiofor, iko Netflix. Ni habari ya kweli ya William Kamkwamba wa Malawi, wakati wa njaa wanamfukuza masomo juu ya minervali, yaani karo ya shule, sasa anaingia maktaba kisirisiri anasoma kitabu cha umeme, halafu anaunda kinu cha upepo na vyuma chakavu ili maji yafike shambani. Watoto wetu wa hapa Goma wanajua sana kurudishwa nyumbani juu ya minervali, hutahitaji kumuelezea.

Ila muangalie pamoja na baba yake, nakuomba sana. Kuna pale mtoto anaomba kinga ya baba, yaani baiskeli, ile moja tu ya familia, anataka kuikata, na baba anakasirika vibaya sana, na si mtu mbaya yule baba, anaogopa tu kesho watakula nini. Pale mwache mzee aangalie, usimuambie kitu.

Njaa inaonyeshwa wazi, basi wadogo walale kwanza. Na kesho yake umpeleke kijana kwa fundi wa redio kule Birere, akae hata saa mbili aone wanavyounga waya.