Fungate ya siku nne, kafyu ya saa nne

Ni Julai 2021, na barua zenu karibu zote zinafanana. Harusi imepita au iko mlangoni, likizo ni ya siku chache, pesa ni za kuhesabu, korona bado ipo, na mwataka kuja Pwani. Karibuni. Nimechagua barua sita, majina nimeyaacha. Kafyu, nauli na masharti ninayoyataja ni ya mwezi huu wa Julai 2021.

Shikamoo Shangazi. Tunafunga ndoa Nairobi Jumamosi tarehe 24 na tuna siku nne tu kabla ya kurudi kazini. Mchumba wangu asema siku nne, tena na kafyu, si fungate. Afadhali tungoje mwaka ujao. Tungoje?

Marahaba mwanangu. Msingoje.

Fungate yenyewe tangu asili ni siku saba za maharusi kukaa ndani. Mimi yangu niliikaa katika chumba kimoja cha ghorofani, Mji wa Kale, Mombasa. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi zililetwa mlangoni, jioni somo yangu, yaani kungwi wangu, alikuja kufukiza udi na kunibadilishia vikuba vya asumini, na ngazi sikuishuka mpaka siku ya saba. Bahari niliiona dirishani tu. Sikuwahi kuhisi kuwa nimefungiwa. Nilikuwa nimepewa wiki moja ya kumjua mtu niliyeolewa naye, na hakuna aliyeruhusiwa kuniingilia.

Kafyu ya Julai hii ya 2021 ni saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Itawanyima disko na matembezi ya usiku, basi. Kinachoharibu safari fupi ni pupa: usiku mmoja Mombasa, mmoja Diani, mmoja Malindi, na maharusi wanarudi kwao wamechoka kuliko walivyoondoka. Chagueni mahali pamoja, fungueni masanduku mara moja, mkae. Mwambie mchumba wako kuwa hizo siku tatu zilizobaki mtazidai mwakani.

Shangazi, treni, basi au ndege? Tunatoka Nairobi kwenda Diani, na tunaogopa kukutwa njiani na kafyu.

Treni, lakini ya asubuhi. Toka stesheni ya Syokimau, Nairobi, hadi ya Miritini, Mombasa, nauli ya mwaka huu wa 2021 ni shilingi 1,000 daraja la kawaida na 3,000 daraja la kwanza, na mkipita Tsavo kaeni dirishani, kwani ndovu huonekana. Ya asubuhi huwafikisha alasiri, na mnabaki na saa nyingi za mwanga. Ya alasiri huwashusha Miritini usiku umeshaingia, na hapo bado kuna safari ya kuvuka mji, foleni ya feri ya Likoni, na barabara ya kwenda Ukunda, mji ulio jirani na Diani. Ni kweli wasafiri wa treni na ndege huonyesha tiketi kizuizini wakaruhusiwa kupita. Lakini usiku wenu wa kwanza msiupangie kubishana na askari barabarani.

Daraja linaloelea la Liwatoni lilifunguliwa mwanzo wa mwaka huu wa 2021 ili kupunguza msongamano kwenye feri. Ni la waendao kwa miguu. Kama mna masanduku, kodini teksi ivuke nanyi kwa feri, vioo vikiwa wazi.

Mabasi siwashauri safari hii. Hayajazi viti vyote, nauli zimepanda kwa sababu hiyo, na ni saa nyingi mno kukaa ndani na barakoa usoni. Mkiwa na uwezo wa ndege, tafuteni ile inayotua Ukunda kwenyewe, muepukane na feri kabisa.

Shangazi, tumeambiwa Julai bahari ni chafu na hakuna kuogelea. Je, ni kweli? Na je, twende Diani, kusini mwa Mombasa, au Watamu, kaskazini?

Bahari si chafu, inavuma. Huu ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na sisi tumo katika kipupwe. Masika yamekwisha, jua si kali, usiku kuna kaubaridi ka kujifunika shuka, na manyunyu huja asubuhi yakaondoka. Nje ya mwamba mawimbi ni makubwa. Ndani ya mwamba mnaogelea vizuri, mradi mjue maji yanajaa na kukupwa saa ngapi.

Mwezi mpevu utaangukia tarehe 24 hii, kwa hiyo siku hizo ni bamvua. Maji hukupwa sana kama saa nne asubuhi, kisha hujaa kama saa kumi alasiri. Wageni wengi huamka, hunywa chai, huenda pwani saa nne, hukuta bahari imekimbilia mbali, wakanung'unika hotelini kana kwamba wameibiwa. Nyinyi saa hiyo vaeni viatu vya plastiki mtembee kuelekea mwambani kutazama samaki wadogo katika vidimbwi. Viatu ni lazima, kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi na maumivu yake si ya mchezo. Kuogelea ni alasiri. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kidogo, karibu dakika hamsini. Mkija siku nyingine, muulizeni mvuvi yeyote ufukweni, hahitaji kitabu.

Wengi mmeniuliza habari za pomboo wa Kisite na chakula cha mchana Wasini. Ni safari nzuri, lakini wakati wa kusi mashua kutoka Shimoni huruka-ruka, na bi harusi akitapika mashuani hatakumbuka pomboo. Mwulizeni nahodha jioni ya kuamkia safari. Akisema kesho bahari haifai, msimbembeleze wala msimwongezee pesa.

Kwa kipupwe mimi nachagua Watamu, na sababu ni kwamba kusi likichacha bado mna pa kwenda. Ghuba ya Mida imejificha na upepo, mnapanda mtumbwi kati ya mikoko jua likizama. Gede iko kilomita chache tu: mji wa Waswahili wa mawe ya matumbawe uliohamwa katika karne ya 17, misikiti na nyumba zake zimezingirwa na miti mikubwa. Msimu huu wa korona watu ni wachache, mtasikia nyayo zenu wenyewe. Jirani yake kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Tena kuanzia Julai nyangumi hupita baharini kuelekea kaskazini, na siku ya utulivu mashua huenda kuwatazama. Diani ina ufuo mrefu zaidi na hoteli nyingi zaidi. Kama nia yenu ni mchanga na kitanda tu, Diani inatosha.

Sisi tuko Kisumu, Shangazi. Harusi ni mwisho wa mwezi huu. Twaweza kuja Mombasa moja kwa moja baada ya sherehe?

Hapana, wanangu, na nawaandikia hivi kwa uchungu. Kisumu ni miongoni mwa kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi zilizowekewa masharti makali tangu tarehe 18 Juni 2021. Kafyu yenu huanza saa moja jioni, na serikali imewasihi watu wasiingie wala kutoka bila haja kubwa. Hamtazuiwa njiani, najua. Lakini sherehe ndiyo mahali pa kuambukizana, na wahudumu wa hoteli za huku wengi walikaa miezi na miezi bila mshahara mwaka jana. Mmoja akiugua kwa sababu yenu, nyumba nzima imelala njaa.

Fungeni ndoa na watu wachache, mkae fungate ya nyumbani ziwani, mje baadaye. Masharti yametangazwa hadi tarehe 31 Julai, sikilizeni yatakayofuata. Mkivumilia hadi malelezi, mwezi wa Oktoba hivi, kusi litakuwa limechoka na bahari imetulia. Mtapata bora kuliko hao wa sasa.

Shangazi, hoteli yataka tulipe yote sasa. Tukilipa halafu serikali ikafunga kaunti, itakuwaje?

Itakuwa kama Pasaka ya mwaka huu wa 2021. Ijumaa tarehe 26 Machi ilitangazwa kwamba Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zimefungwa, na usiku huohuo kufuli likashuka. Zilifunguliwa tarehe 1 Mei. Kwa hiyo msiulize kama litatokea. Ulizeni hoteli itafanya nini likitokea, na jibu mlipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Hoteli nzuri itakubali kusogeza tarehe bila kuongeza bei. Kurudishiwa pesa ni vigumu zaidi. Isiyokubali hata kimoja iacheni, vyumba vitupu ni vingi msimu huu. Lipeni sehemu, si zote, na ombeni bei ya wakazi.

Jingine: lipeni kwa nambari ya biashara yenye jina la hoteli, kamwe si kwa simu ya mtu. Binti ya ndugu yangu alimtumia "wakala" pesa za usiku tatu. Walipofika na masanduku yao, mapokezi hawakuwa na jina lao wala hawakumjua wakala huyo. Walilala kwangu sebuleni. Pigeni simu mapokezi wenyewe kabla hata shilingi haijatoka.

Na waliouliza kama Unguja si afadhali: kwa siku nne, la. Mwaka huu wa 2021 mtahitaji cheti cha PCR, kipimo cha korona, cha kwendea na kingine cha kurudia, na siku moja nzima itakwisha mkisubiri majibu.

Shangazi, nyanya yake mume wangu yuko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, ana miaka 81, na hakuweza kuja harusini Nairobi. Anataka tumpitie kumsalimu. Tunaogopa kumpelekea ugonjwa, na tunaogopa kumkosea adabu.

Barua hii nimeisoma mara nyingi. Nyanya wa miaka hiyo akiambiwa maharusi wako Pwani na hawakumpitia, ataumia kuliko mnavyodhani.

Mpitieni, lakini siku ya mwisho, si ya kwanza. Mkifika moja kwa moja kutoka harusini hamjui mmebeba nini. Mkikaa siku zenu kwa utulivu bila kuingia katika kundi la watu, na mkawa hamna homa wala kikohozi, hatari inapungua, ingawa haiishi. Mkiweza kupimwa kabla, pimweni. Mume wako ampigie simu leo amweleze mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba hamtaingia ndani na hamtambusu mkono, na sababu ni kumpenda. Akiambiwa mapema hatahisi amekataliwa. Ulizeni pia kama amepata chanjo; kama bado, mume wako amtafutie mtu wa kumpeleka.

Siku hiyo akae barazani, kwenye upepo. Nyinyi simameni hatua chache chini yake, barakoa zikiwa usoni, mkamwamkie. Wewe jifunge leso mpya, atataka kuisoma jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Mchukulieni halua, mmpe anayemtunza aipokee. Mtataka kukaa, naye atawasihi mkae. Nusu saa yatosha. Kisha shusheni barakoa mkiwa kule kule mbali, aione sura ya mke wa mjukuu wake, na mngoje amalize dua yake yote kabla hamjaondoka.