Baridi yabisi: tuinyime damu?

*Shikamoo dokta. Mama ana baridi yabisi ya vidole. Nasikia mishipa mipya ya damu huota ndani ya viungo. Kwa mtu mzima inawezekanaje?* (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Huota, hata kidonda kinapopona. Katika baridi yabisi, utando laini ulio ndani ya kiungo hunenepa hadi damu haiutoshi. Seli zikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, nayo huichochea mishipa ya jirani ichipue matawi. Matawi hayo huleta chakula, lakini pia huleta seli zaidi za kinga, ambazo ndizo zilizoanza vurugu. Utando unakua, unadai damu tena, mwishowe unatambaa juu ya gegedu na kuutafuna mfupa. Kwa altrasaundi ya Dopla, damu hiyo huonekana kwa rangi.

*Mbona hatupewi dawa ya kuizuia hiyo mishipa?* (Msomaji, Nakuru)

Wazo lilianzia kwenye saratani. Judah Folkman, daktari mpasuaji wa Boston, alilitoa mwaka 1971, wengi wakalibeza. Bevasizumabu, inayoinasa VEGF, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Panya wa maabara waliovimba viungo nao walipata nafuu kwa dawa ya kuzuia mishipa. Ila bevasizumabu hupandisha presha, huchelewesha vidonda kupona, na mara chache hutoboa utumbo. Mwenye saratani anaweza kuyavumilia hayo. Anayetaka tu kufunga vifungo vya gauni asubuhi, na atatumia dawa miaka mingi, mimi nisingemshauri.

Hata hivyo faida kidogo tunaipata kwa mlango wa nyuma. Wagonjwa waliopewa infliksimabu, sindano inayozuia TNF (protini inayochochea uvimbe), walionekana VEGF ikishuka kwenye damu yao. Ukiutuliza uvimbe, mishipa nayo hukosa wa kuiita. Bei ya sindano hizo ndiyo balaa.

*Mama kaandikiwa methotreksati, jirani anasema ni ya saratani.*

Jirani hakosei, ila dozi ya viungo ni ndogo sana. Inamezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Walioimeza kila siku kwa makosa wamepoteza maisha. Apewe na foliki asidi, apimwe damu na ini. Mjamzito asiiguse.

*Na tangawizi?*

Atie kwenye chai. Methotreksati asiache.