Muulize Bibi Shamba: Ekari kumi za Matamba kwa video ya simu

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni muuguzi, naishi Kimara, Dar es Salaam. Baba yangu ni Mkinga lakini sisi watoto tumezaliwa mjini, Makete naisikia tu kwenye misiba. Kuna mtu kanitumia video ya shamba la ekari kumi karibu na Matamba, hukohuko Makete. Anasema panafaa parachichi na miti, na karatasi ina sahihi na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. SACCOS yetu imekubali kunipa mkopo. Nitume hela nisije nikapoteza bahati, au nije kwanza? Na nikija, nije mwezi gani nione na maua ya Kitulo? – Muuguzi, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitume hela. Njoo, tena uje mwezi wa tatu.

Watu wengi wa mjini huja Agosti au Septemba kwa sababu likizo zimeangukia hapo. Barabara ni kavu, jua ni zuri, milima imetulia, mtu analipa papo hapo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba na kukoma Mei. Ukija Machi utaona lori la viazi linavyopita au linavyokwama, utaona maji yanakopita shambani, na utajua kama njia ya kufika kwenye hizo ekari kumi ni njia kweli au ni mfereji. Nimefanya kazi ya ugani nyanda hizi hadi nikastaafu, na sijaona kitu kinachokula faida ya mkulima wa huku kuliko ile kilomita ya mwisho kati ya shamba na barabara kubwa. Mazao yakishindwa kutoka, dalali ndiye anayepanga bei.

Machi hiyohiyo maua ya Kitulo yako wazi. Yanaanza Desemba na kwenda hadi Aprili. Uwanda uko kama mita 2,600 juu ya bahari, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na ulihifadhiwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Kuna zaidi ya aina 40 za okidi. Usitegemee tembo wala simba. Utatembea kwa miguu kwenye majani yenye umande, utaona maua ya manjano, ya zambarau na meupe yamechanganyika hadi upeo wa macho, na ukiwa na bahati, ukiingia upande wa msitu wa Livingstone utamwona kipunji, kima ambaye wataalamu walimtangaza rasmi mwaka 2005 tu ingawa wazee wa huku walikuwa wanamjua siku zote. Chukua kitambulisho chako cha NIDA ulipe kiingilio cha raia.

Njia ni mbili kwa mtu wa Dar. Ya kwanza unapanda basi hadi Njombe kupitia Makambako, halafu unashika lami ya kwenda Makete mjini. Ya pili unashuka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, unapanda gari dogo la Matamba kwenye kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Jina ni hesabu yenyewe ya kona. Chini unaacha joto na majaruba ya mpunga ya Usangu, juu unafungua begi kutafuta sweta. Mimi ningekushauri upande kwa Hamsini na Saba na ushukie Njombe, ili uone njia zote mbili ambazo mzigo wako utapita. Nyumba za wageni zipo Matamba, Makete mjini na Ikonda, ambako hospitali huleta watu kutoka mikoa ya mbali. Nikuombe kitu kimoja ukiwa huko: usikubali mtu akuingizie jiko la mkaa chumbani usiku, hata kama baridi inauma vipi. Omba blanketi la pili. Wewe ni muuguzi, unajua hewa ya mkaa inafanya nini kwenye chumba kilichofungwa, na kila mwaka tunazika watu.

Sasa shamba. Mhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Kwa hiyo, kama ni ardhi ya kijiji unayogawiwa, omba muhtasari wa mkutano huo, wenye tarehe na mahudhurio, usomewe mbele ya mtendaji. Kama ni ardhi ya familia, uliza ina Hati ya Hakimiliki ya Kimila au haina, na uonane na mke wa muuzaji ana kwa ana. Mume anapokea hela Jumatatu, mama anakuja kulia shambani Jumamosi na watoto watano, na haki iko upande wake. Kisha tembea mpaka wote ukiwa na majirani wa pande nne. Usiwatembelee baadaye kuwasalimia tu. Watembee na wewe, wakanyage, waseme hapa ndipo. Jirani aliyekataa kuja kutembea mpaka ana neno, mfuate umsikilize.

Na hizo ekari kumi, zimepimwaje? Huku ekari ni hatua 70 kwa 70. Ikiwa hatua ni yadi moja kamili, yaani karibu sentimita 91, hesabu inakubali, unapata ekari na kidogo. Lakini hatua ya mtu wa kawaida anayetembea bila kujikaza ni kama sentimita 75. Sabini kwa sabini za namna hiyo ni mita 52.5 kila upande, sawa na mita za mraba 2,756. Ekari ni 4,047. Ina maana ukilipia ekari kumi za hatua fupi unapewa chini ya ekari saba. Na kwenye mteremko ni mbaya zaidi, maana hatua za kupanda kilima ni fupi kuliko za tambarare. Kodi kijana mwenye kipimo cha GPS, au nunua kamba ya mita 50 uipime mwenyewe. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kuhusu parachichi, aliyekuambia panafaa hajakuambia panafaa urefu gani wa mlima. Njombe, Rungwe na Mufindi wanavuna vizuri sana. Ukipanda juu zaidi, Juni na Julai umande unaganda asubuhi, na mche mchanga wa parachichi ukigandiwa unaungua kama umemwagiwa maji ya moto. Hewa ya baridi hushuka na kutuama bondeni, kwa hiyo shamba la bondeni linaweza kuungua wakati la mlimani limepona. Usiulize dalali. Angalia migomba ya majirani. Kama hakuna kabisa, au ipo na imeviza, parachichi sahau. Kama imenawiri, waulize majani yalikuwaje Julai iliyopita.

Tena hesabu ya mkopo haikubali. SACCOS wataanza kukata mshahara mwezi unaofuata. Parachichi ya kubebesha inaanza kukupa matunda ya maana mwaka wa tatu au wa nne. Misindano ukiipanda kwa mita 3 kwa 3 ni kama miti 450 kwa ekari, na unasubiri miaka 15 au zaidi, huku kila Septemba hadi Novemba unalala na wasiwasi wa moto. Miti inahitaji hela ambayo hutaiulizia. Hela ya mkopo inauliziwa kila mwezi.

Ungekuwa binti yangu wa kuzaa, ningekuambia hivi: mwaka wa kwanza usinunue, kodi ekari moja ulime viazi. Ekari ina nafasi ya mashina kama 18,000 ukipanda sentimita 75 kwa 30, na mbegu ya ukubwa wa yai ina gramu kama 50, hivyo andaa kilo 900 za mbegu. Hapo ndipo hela inapokwenda, na hapo ndipo usibane. Mbegu ya kuokoteza sokoni inaleta mnyauko, na mnyauko ukiingia kwenye udongo hautoki kwa dawa. Kabla ya kukodi, tafuta shina la kiazi au nyanya lililonyauka hapo au kwa jirani, likate karibu na ardhi, liweke kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe unashuka kutoka kwenye kidonda, shamba hilo liache. Watu wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, watakuelekeza aina ya kupanda na wazalishaji wa mbegu iliyokaguliwa.

Na uwepo siku ya kupanda, siku ya kupiga dawa ya ukungu, na siku ya kufunga magunia. Mnunuzi akitaka lumbesa, mkatalie na uuze kwa kilo. Ile kofia anayoishonea juu ya gunia ni viazi vyako anavyobeba bure, na sheria ya vipimo iko upande wako. Kilimo cha simu kinawatajirisha wanaopokea simu. Msimu mmoja ukiwa na udongo kwenye kucha, utakuwa umejua nani kijijini ni mkweli, na hao ndio watakaokuonyesha shamba la kununua. Tena wewe una bahati: ukoo wa baba yako upo. Ukifika kwanza nenda kawasalimie, hata kabla ya kuona shamba.

SWALI: Habari za huko dada. Nimerithi bonde lenye chemchemi wilayani kwetu. Nataka kulikausha kwa kupanda mikaratusi, kisha nilime. Ushauri wako? – Mstaafu, Uyole

JIBU: Nzuri kaka, na pole kwa kuondokewa. Usifanye. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji, na mkaratusi ni mnywaji mkubwa wa maji. Maji ya milima yetu ndiyo yanayoshuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi huko chini hifadhini. Acha mita zako 60 na miti ya asili, mikaratusi ipeleke mgongoni mwa kilima, na kwenye sehemu inayobaki lima njegere na kabichi za kiangazi. Mwenye mboga mbichi Septemba hapa Mbeya hakosi mteja soko la Mwanjelwa.

SWALI: Shikamoo Bibi. Kuna watu wananitaka niwe nakusanya chikanda, vile viazi vya okidi vinavyoliwa, Makete na kuileta huku mpakani, wateja wa Zambia wananunua sana. Inalipa? – Kijana, Tunduma

JIBU: Marahaba kijana wangu. Wanunuzi wapo kweli, na ndiyo maana okidi zetu zilifikia hatua ya kuisha kwenye milima mingi. Ukiling'oa ua la okidi utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa, ndicho cha ua la mwakani. Mchimbaji anachukua kile kigumu. Kwa hiyo huvuni, unaua, na hakuna anayepanda. Ndani ya hifadhi ni kosa la jinai, na kuvusha okidi mpakani bila kibali ni kosa jingine juu yake.

Ukitaka ua linalouzika, lima pareto, ua la kutengenezea dawa ya wadudu. Inapenda baridi yetu, unaipanda kwa kugawa mashina, inaanza kutoa baada ya miezi mitatu au minne, na unachuma maua yaleyale kila baada ya wiki mbili hivi wakati wa msimu, ukiuacha mmea mahali pake kwa miaka mitatu. Kausha juani kwenye mkeka ulioinuliwa, usikaushe kwa moto mkali kwa sababu ile nguvu ya kuulia wadudu inapungua na bei inashuka nayo. Kiwanda kipo Mafinga. Kabla ya kupanda, ulizia kijijini ni nani ananunua, analipa kwa ubora au kwa uzito tu, na analipa siku ileile au baadaye.